Siha na Majira ya Mwaka: Kupumzika na Kula katika Kaskazi, Masika na Kusi

Ndugu wasomaji, darasa yetu ya leo ni ya siha ya mwili, nayo ni darasa ambayo wengi wetu huidhani kuwa haiwahusu watu wa dini. Husema: haya ni mambo ya matabibu, sheikh na atueleze twahara na swala. Nasi twasema: mtu aliyelala kwa homa hawezi kusimama katika safu, na mama aliyefiwa na mtoto kwa kuharisha siku tatu amepatwa na msiba ambao mara nyingi kinga yake ilikuwa jikoni mwake. Mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Mtume s.a.w. alipopata habari ya kuwa sahaba wake Abdalla bin Amr anafunga kila siku na kukesha kila usiku, alimkataza, akamjulisha ya kuwa mwili wake una haki juu yake.

Haki hiyo ya mwili haiwi sawasawa mwaka mzima. Katika jua la Februari mwili huomba maji na kivuli. Katika mvua ya Mei huomba maji yaliyochemshwa na chandarua. Katika upepo wa Julai huomba chakula cha moto na nguo kavu. Mtu anayekula, anayelala na anayefanya kazi kwa namna moja tangu Januari hadi Disemba hudhulumu mwili wake bila ya kujua. Basi jambo tunalotaka kulieleza leo ni kwamba kila msimu una haki yake ya chakula na ya mapumziko, na ya kwamba misimu hiyo ni ile ya nchi yetu wenyewe, si ya Baghdadi wala ya Ulaya.

SHERIA NA MAJIRA

Huenda mtu akauliza: je, dini imeyatazama majira? Naam, imeyatazama sana. Sura ya Quraysh inataja safari mbili za watu wa Makka, moja ya wakati wa baridi na moja ya wakati wa joto, na kuzitaja huko ni katika kuhesabu neema. Na katika Sura ya An-Nur, aya ya 58, umetajwa wakati wa adhuhuri kuwa ni miongoni mwa nyakati ambazo watu huvua nguo zao majumbani na kupumzika, kwa hivyo hata watoto na watumishi wakaamrishwa waombe ruhusa kabla ya kuingia. Basi kulala kidogo mchana, nako ndiko kuitwako qailula, si uvivu kama wanavyodhani baadhi ya watu wa leo. Ni desturi ya kale, na adabu zake zimewekwa.

Kadhalika katika swala yenyewe. Imepokewa katika Hadithi zilizo sahihi ya kuwa joto likizidi, adhuhuri yacheleweshwa mpaka jua lipungue ukali. Na imepokewa ya kuwa usiku wa mvua na baridi mwadhini alikuwa akiwatangazia watu waswali majumbani mwao. Tazameni basi: swala ni nguzo ya dini, na juu ya hivyo imewekewa nafasi ya joto na nafasi ya mvua. Ikiwa nguzo yenyewe yaangalia majira, sisi ni nani hata tusiyaangalie katika kula na kulala?

MATABIBU WA ZAMANI NA KALENDA YA WATU WENGINE

Wanachuoni wetu wa tiba waliijua elimu hii tangu zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, na ndani yake akazungumza juu ya makao, hewa, chakula na usingizi. Ibn Butlan wa Baghdadi, katika karne ya 11, alitunga kitabu cha majedwali juu ya kuilinda siha. Na Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, katika kitabu chake cha Qanun aliyahesabu mambo ambayo mwanadamu hawezi kuyaepuka: hewa inayomzunguka, chakula na kinywaji, usingizi na kuamka, mwendo na mapumziko, yanayotoka mwilini na yanayobaki, na hali za nafsi. Katika mlango wa hewa akaingiza majira ya mwaka.

Lakini hapa pana jambo la kuangaliwa. Mabwana hao waliandika katika nchi zenye majira manne: masika yao ya maua, joto, pukutiko la majani, na baridi yenye theluji. Mtu wa Mombasa au Malindi akikisoma kitabu kama hicho akaanza kutafuta wakati wake wa baridi mwezi wa Januari, atakuwa anatafuta baridi ndani ya tanuri, kwani Januari ndiyo kaskazi kali. Na leo tumeongeza balaa ya pili: mashauri yanayotufikia kwa simu kutoka Ulaya na Marekani, yakisema tulale zaidi katika miezi ya giza na tule vyakula fulani wakati wa theluji. Sisi hatuna miezi ya giza. Mombasa iko digrii nne tu kusini ya ikweta. Mchana wetu na usiku wetu hukaribiana kuwa saa kumi na mbili kwa kumi na mbili mwaka mzima. Ichukueni kanuni ya mabwana hawa, na kalenda yao waachieni wenyewe.

Kalenda yetu tunayo. Wahenga wa pwani waliuhesabu mwaka wa jua kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Miongo 36 ni siku 360, na siku tano za kutimiza ni 365. Kwa hesabu hiyo mkulima alijua wakati wa kupanda na nahodha alijua wakati wa kutweka tanga. Hatusemi habari ya ngoma na mila zilizofungamanishwa na siku ya mwaka. Hayo yana mahali pake. Twasema habari ya hesabu yenyewe, kwani ni elimu, na elimu haifai kupotea. Majira yake makubwa ni kaskazi, tangu Disemba hadi Machi. Kisha masika, mvua kubwa za Aprili hadi Juni. Kisha kusi pamoja na kipupwe chake cha Juni hadi Agosti. Kisha vuli, mvua ndogo za Oktoba hadi Disemba.

KASKAZI

Katika mwezi wa Machi jua hupita juu ya vichwa vyetu hasa, na joto la mchana Mombasa hufika digrii 32 au 33. Upepo ukipungua, na hewa ikijaa unyevu wa bahari, jasho halikauki. Na jasho lisilokauka halipozi mwili.

Waliotutangulia walijenga kwa kuijua hali hii. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za juu, na vichochoro vyembamba vya Lamu na vya Mji wa Kale wa Mombasa ambavyo jua haliingii ila kwa nadra: hayo yote ni tiba iliyojengwa. Sisi leo twaezeka mabati, na chini ya bati lisilo na dari nyumba huwa joto mpaka usiku wa manane. Asiyeweza kujenga upya na afanye awezalo: apande mti upande wa magharibi, afungue madirisha yanayokabiliana ili upepo upite, apake bati rangi nyeupe, apikie nje ya chumba cha kulala.

Ama chakula cha kaskazi, Mwenyezi Mungu ameuleta msimu na dawa yake. Huu ndio wakati wa maembe na wa matikiti maji. Bahari ni shwari, wavuvi hutoka mbali, na samaki hupatikana. Basi na tule samaki, mboga, matunda, na wali kwa kiasi, tupunguze mafuta mengi na vyakula vizito vya mchana. Tunywe maji kabla ya kuona kiu, kwani mzee hukauka mwili wake kabla ya kiu kumjia. Dafu ni jema, na maji ya ndimu yenye chumvi kidogo ni mema, ila mwenye shindikizo la damu na aiepuke chumvi hiyo. Soda haihesabiwi katika maji, kwa wingi wa sukari yake. Na atakaye kujua kama amekunywa ya kutosha autazame mkojo wake: ukiwa wa manjano hafifu ni heri, ukiwa na rangi ya chai ya rangi, mwili unalia. Mtoto mchanga ambaye hajatimiza miezi sita haongezewi maji hata katika joto. Maziwa ya mamake yanamtosha, naye anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama mwenyewe ndiye anywe maji.

Ama mapumziko, kaskazi ndio msimu wa qailula. Usiku wa joto huukata usingizi, na dakika 20 au 30 baada ya adhuhuri huurudisha sehemu yake. Isizidi hapo sana, wala isisogezwe hadi alasiri, isije ikaula usingizi wa usiku.

Na hapa twawaelekea wenye mali na wenye kuajiri. Mwashi aliye juu ya dari, hamali wa mkokoteni, mvunja mawe na kijana wa bodaboda hawana kivuli saa sita za mchana. Ndugu zetu waliokwenda kufanya kazi Omani na Imarati wanajua ya kuwa huko serikali hukataza kazi za juani mchana katika miezi ya joto: Imarati tangu saa 6 na nusu hadi saa 9, kuanzia kati ya Juni hadi kati ya Septemba, na Omani hadi saa 9 na nusu katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Hiyo ni qailula iliyotiwa katika sheria. Hatuhitaji kungoja sheria ili tumwogope Mungu. Tajiri na aanze kazi alfajiri, aisimamishe saa sita, airudishe alasiri; na maji yawe karibu. Kibarua mgeni aliyetoka bara huhitaji wiki moja au mbili mwili wake uzoee joto, basi asipewe kazi nzito siku ya kwanza.

Mtu akiwa juani kisha akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, au akaanguka, na mwili wake umewaka moto, huyo amepigwa na jua. Si wakati wa kumsomea akiwa amelala juani. Abebwe kivulini, avuliwe nguo nzito, amiminiwe maji mwilini, apepewe, na apelekwe hospitali mara moja. Asinyweshwe kwa nguvu hali ya kuwa amezirai. Anayetaka kumsomea na amsomee njiani.

MASIKA

Mvua ni rehema, na rehema hii hutaka matayarisho. Kabla ya Aprili mifereji isafishwe, makopo na vifuu na magurudumu yaliyotupwa uani yaondolewe, na kisima kifunikwe. Choo cha shimo kikifurika, uchafu wake huingia katika kisima cha jirani, na hapo huzaliwa kuharisha na kipindupindu.

Katika masika maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, hata yakionekana meupe. Chakula kiliwe kingali moto. Mboga za majani hujaa wakati huu, mchicha na majani ya kunde na kisamvu, nazo ni katika neema za msimu, ila zioshwe kwa maji safi na zipikwe. Mwenye kuharisha hapewi njaa wala hanyimwi maji, kama walivyodhani watu wa zamani. Apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo kila akiharisha, na mtoto aendelee kunyonya na kula. Mama wa nyumba na alikariri jambo hili kama alivyokariri Alhamdu. Akiona macho ya mtoto yameingia ndani, au mtoto amelegea hawezi kunywa, hospitali bila ya kukawia.

Usiku wa masika ni baridi na usingizi wake ni mtamu, lakini ndio wakati wa mbu. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa huko Hindi, aligundua vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu, na tangu siku hiyo hapana udhuru kwa anayesema ya kuwa homa hii huletwa na baridi ya mvua. Kila mwenye kulala na alale ndani ya chandarua chenye dawa, na wa kwanza ni mtoto na mama mwenye mimba.

Sasa tumefika penye jambo lililotufanya tuiandike darasa hii. Mtoto mwenye homa kali ya malaria huweza kushikwa na degedege: hukakamaa, hutetemeka, macho hugeuka. Baadhi ya watu wetu husema huyo ameshikwa na pepo au na ndege, na wengine huamini ya kuwa akidungwa sindano atakufa. Kwa hivyo hupelekwa kwa mganga kwanza, akafukizwa, akafungwa hirizi. Na siku mbili zikipita hupelekwa hospitali naye amekwisha kuzidiwa. Akifa huko watu husema: mwaona, sindano imemuua. Enyi ndugu zetu, sindano haikumuua. Zilizomuua ni zile siku mbili.

Mtoto akishikwa na degedege alazwe kwa ubavu, asitiwe kitu kinywani, asifukizwe moshi, na achukuliwe hospitali papo hapo. Na mtoto mwenye homa ya kawaida asingojewe mpaka afike hapo: apimwe damu siku ile ile, na siku ya pili isimkute hajapimwa. Dua hatuikatazi, bali twaihimiza. Lakini Mtume s.a.w. aliwaamrisha watu wajitibu, naye mwenyewe alikuwa mwenye kuomba dua kuliko sisi sote.

KUSI NA KIPUPWE

Baada ya mvua upepo wa kusi hushika nguvu. Mchana wa Julai Mombasa haupiti sana digrii 27 au 28, na usiku hushuka karibu na 20. Kwa mtu wa bara hiyo ni hali njema. Kwa mzee wa pwani ni baridi ya kujifunika. Bahari huchafuka, vyombo vidogo havitoki nje ya mwamba, na samaki huwa haba na ghali.

Basi chakula cha kipupwe kiwe cha moto na cha kushibisha: uji wa mtama au wimbi asubuhi, muhogo na viazi vitamu, mchuzi wenye tangawizi na kitunguu thomu. Samaki akiadimika, tusione aibu kula mbaazi, kunde na pojo, kwani kwa kujenga mwili ni ndugu wa nyama, na bei yake yalingana na mfuko wa maskini. Ng'onda nao hufaa, ila waloweshwe chumvi ipungue. Machungwa hupatikana msimu huu, na chungwa moja baada ya chakula ni bora kuliko chupa ya dawa ya nguvu inunuliwayo barabarani.

Maji husahauliwa katika kipupwe kwa sababu kiu hupungua. Haja ya mwili haikuondoka, basi mzee na akumbushwe. Asali katika maji ya moto ni dawa njema ya kikohozi, ila mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, kwani huweza kuwa na sumu ambayo tumbo lake haliwezi kuishinda. Mtoto anayehema haraka haraka na kifua kikiingia ndani, hicho si kikohozi cha upepo. Huyo ana maradhi ya mapafu, na mahali pake ni hospitali.

Na ndugu zetu walioko Nairobi, Nakuru na Limuru, ambako Julai ni baridi hasa, twawaonya juu ya jiko la makaa. Kuliingiza chumbani na kufunga milango ili kupata joto ni kujiua kwa ujinga. Hewa yake haina harufu wala rangi, na humchukua mtu usingizini. Blanketi la pili ni rahisi kuliko sanda.

Kwa mapumziko, kipupwe ndio msimu wa kulipa deni la usingizi. Usiku umepoa, mtu mzima na alale saa saba au nane, na kahawa ya barazani isivuke isha. Qailula yaweza kufupishwa, na nguvu zilizopatikana zitumiwe katika kutembea na kazi za mikono, kwani mwili uliolegea wakati wa kaskazi huu ndio wakati wake wa kukazwa.

VULI, NA MAJI YALIYOWEKWA AKIBA

Vuli huja kwa mvua za vipande vipande, na mwaka mwingine huja kwa gharika, kama mvua za Novemba 2023 zilivyozamisha mitaa ya Mombasa na vijiji vya Kwale. Yote tuliyoyasema katika masika hurudi. Lakini yako maradhi ambayo hayangojei mvua. Mwaka 2004 homa ya chikungunya iliwaangusha watu wengi sana Lamu, na wakati ule ulikuwa wa ukame. Mvua zilipokosekana watu waliweka maji katika mitungi na mapipa yasiyofunikwa, na humo ndimo mbu walimozaliwa. Homa hiyo ikarudi Mombasa mwishoni mwa 2017 na mwanzo wa 2018.

Mbu wa homa hiyo, ambaye pia ndiye wa homa ya dengi, huuma mchana. Basi anayelala qailula naye alale ndani ya chandarua, na kila pipa na mtungi ufunikwe, uoshwe na kusuguliwa kila wiki. Mwaka 1870 homa ya namna hii ilienea Unguja, na daktari James Christie aliyekuwa huko akaandika habari zake mwaka 1872. Watu waliiita kidinga pepo. Wao walimtaja pepo kwa kuwa hawakumjua mbu. Sisi tumemjua, basi udhuru wetu ni upi?

RAMADHANI KATIKA MSIMU GANI?

Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, kwa hivyo Ramadhani huzunguka majira yote kwa muda wa miaka kama 33. Katika nchi za kaskazini mzunguko huu huurefusha na kuufupisha mchana wa kufunga. Kwetu urefu haubadiliki sana, ni kama saa 13 na nusu. Kinachobadilika ni joto na mvua. Waliofunga mwaka 2013 na 2014 walifunga katika kipupwe cha Julai. Mwaka 2018 hadi 2020 ilikuwa ni masika. Tangu 2024 imo katika kaskazi, nayo itaendelea humo: mwaka 2027 na 2028 yatarajiwa Februari na Januari, na mwaka 2030 yatarajiwa kuingia mara mbili, mwanzo wa Januari na tena mwisho wa Disemba. Basi anayesema "mimi nimefunga miaka yote bila ya shida" na akumbuke alifunga katika msimu gani.

Kwa Ramadhani ya joto, tuzishike sunna zake, kwani ndani yake mna siha. Futari iharakishwe, kwa tende na maji kwanza. Daku icheleweshwe karibu na alfajiri wala isiachwe. Baina ya viwili hivyo maji yanywewe kidogo kidogo mpaka usiku uishe, wala si jagi zima kwa mara moja. Kaimati, sambusa na bajia hatuziharamishi, lakini meza iliyojaa vya kukaanga na vya sukari huleta kiu ya kesho na uzito wa tarawehe. Viazi vya nazi, mbaazi, uji, samaki na matunda vinatosha, na kinachozidi kina mwenyewe mlangoni.

Ama usingizi, balaa yetu ni kukesha barabarani mpaka daku, kisha kulala mpaka alasiri. Huyo ameugeuza mwezi wa ibada kuwa mwezi wa usingizi. Bora ni kulala baada ya tarawehe, kuamka kwa daku na swala, na kupumzika kidogo adhuhuri.

Na mgonjwa je? Mwenye kisukari, mwenye figo, mama mwenye mimba, na mzee dhaifu, waende kwa tabibu katika Rajabu au Shaabani, wasingoje mwandamo. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Sura ya Al-Baqara, nayo imetoka kwa Yule Yule aliyeamrisha saumu. Mwenye kuikataa ruhusa mpaka akaanguka hakuongeza ucha Mungu. Amejitia katika madhara baada ya kufunguliwa mlango. Nasi watu wa nyumbani tusimtazame kwa jicho la lawama babu au bibi anayekunywa dawa mchana.

KWA KUMALIZIA

Alhasili, ndugu zetu, siha ya mwaka mzima ni kuwa macho na upepo unavuma wapi. Kaskazi ikivuma: maji, kivuli na qailula. Mvua ikianguka: maji yaliyochemshwa, chandarua, na damu ipimwe siku ile ile. Kusi likivuma: chakula cha moto, usingizi mrefu, na mwili ukazwe kwa kazi. Hayo hayahitaji mali nyingi. Yahitaji mtu kujua, na akishajua, kumweleza jirani yake.

Mwenyezi Mungu atupe uzima na atuwafikishe kuutumia katika kheri. Amin.

Maswali ya kuzungumzwa katika darasa:

1. Taja mambo mawili ya ibada ambayo yameangaliwa joto au mvua, na ueleze hekima yake.

2. Kwa nini majira ya vitabu vya tiba vya zamani hayafai kufuatwa kama yalivyo katika pwani yetu?

3. Eleza namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari, na alama za kumkimbiza mtoto hospitali.

4. Jirani yako amwona mtoto wake ana degedege na ataka kumpeleka kwa mganga. Utamwambia nini, na utamsaidia vipi saa ile ile?